Samaki wa Jumamosi: Kutoka Memphis hadi Bentonia

Jumatano. Memphis

Mjomba amefika kutoka Tanga na gari tumeshalikodi. Ujanani alipiga gitaa mjini kwao, enzi zile vikundi vya Black Star na Lucky Star vilipoingiza gitaa la umeme kwenye taarab, na tangu nikiwa mdogo nimemsikia akiwataja wapigaji wa Mississippi kwa majina. Yeye anataka kuona magitaa yale yalikotoka. Mimi nataka kuona majiko. Kwa miaka mingi nimeamini kwamba huwezi kuielewa bluzi, muziki wa watu weusi wa kusini mwa Marekani, ukimwacha mpishi nje ya hadithi, na safari hii nimeitaka kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo hatukuanzia Beale Street, mtaa wa kumbi za muziki, na taa zake. Tumekwenda kusini mwa mji, mtaa wa Soulsville, karibu na ilipokuwa studio ya muziki wa soul ya Stax, tukaingia Four Way. Mgahawa huu ulifunguliwa mwaka 1946 na Clint Cleaves na mkewe Irene. Martin Luther King alikuwa akija kula hapa kila alipokuwa Memphis. Mjomba hali nguruwe, na mimi pia sili, na huku kusini nguruwe yumo hata kwenye mboga, basi tumeagiza kambale. Anapakwa unga wa mahindi uliochanganywa na chumvi na pilipili, anatumbukizwa kwenye mafuta yaliyochemka sawasawa, na anatoka na ganda kavu la dhahabu huku nyama ya ndani ikiwa nyeupe na laini. Pembeni kulikuwa na kunde, bamia na mkate wa mahindi. Mjomba alizitazama bamia na kunde kwa muda. Mbegu hizi zilivuka Atlantiki kutoka Afrika pamoja na watu waliouzwa utumwani, na zimebaki mezani kwa wajukuu wao mpaka leo.

Alasiri tulikwenda Lorraine Motel, ambayo sasa ni makumbusho ya haki za raia. King alipigwa risasi hapa tarehe 4 Aprili 1968, nje ya chumba namba 306. Alikuja Memphis kuwaunga mkono wazoa taka waliogoma baada ya wenzao wawili, Echol Cole na Robert Walker, kusagwa ndani ya gari la taka. Majina hayo mawili nayaandika hapa kwa makusudi.

Alhamisi. Barabara ya 61

Ukitoka Memphis kwenda kusini, vilima vinakwisha ghafla na mbele unaona ardhi iliyolala kabisa. Hii ndiyo Delta: bonde kati ya mto Mississippi na mto Yazoo, lenye urefu wa kama kilomita 320 hadi Vicksburg. Udongo wake ni mweusi, umeletwa na mafuriko ya karne nyingi. Kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani sehemu kubwa ilikuwa msitu na kinamasi. Waliofyeka msitu, wakachimba mifereji na kuinua matuta ya kuzuia mto walikuwa watu weusi kwa sehemu kubwa, na baadaye wao hao ndio waliopanda pamba juu yake.

Oktoba ni mwezi wa kuvuna. Pamba iliyopeperuka kutoka kwenye malori imeng'ang'ania majani kandokando ya lami, na shambani kuna marobota makubwa ya mviringo yaliyofungwa plastiki ya njano na ya waridi. Tumeendesha zaidi ya saa moja bila kuona mtu hata mmoja anayetembea shambani kwa miguu. Sababu yake iko karibu na Clarksdale, kwenye shamba la Hopson. Mwaka 1944 zao la pamba lilipandwa na kuvunwa hapo kwa mashine tupu, bila mikono ya wachumaji. Kuanzia hapo mwenye shamba hakuwa na haja tena ya familia mia kwenye ardhi yake, na treni za kwenda Chicago zikajaa.

Clarksdale yenyewe ina maduka mengi yaliyofungwa na muziki mwingi uliobaki. Makumbusho ya Delta Blues yako kwenye stesheni ya zamani ya mizigo, na ndani yake wamesimamisha kibanda cha magogo alichoishi mpiga bluzi Muddy Waters kwenye shamba la Stovall. Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za kienyeji, alimkuta hapo mwaka 1941, akamrekodi kwa ajili ya maktaba ya Bunge la Marekani. Miaka miwili baadaye Muddy akaenda zake Chicago. Watu huingia kibandani wakiliwaza gitaa. Mimi nilikuwa nikifikiria jambo lingine: kibanda hicho wikendi kiligeuzwa ukumbi wa dansi, na wageni walikunywa na kucheza humo humo.

Mjomba alivutiwa zaidi na maelezo ya namna watoto wa Delta walivyojifunza muziki. Walichomoa waya wa ufagio, wakaupigilia misumari miwili kwenye ukuta wa nyumba, wakauchomekea chupa chini ili ukaze, kisha wakaupiga kwa kidole huku wakiutelezesha chupa nyingine juu yake. Ukuta wote ukawa sanduku la sauti.

"Hilo ni zeze la ukutani," alisema. "Mtoto akianza na kamba moja, mkono wake hausahau."

Kwenye njiapanda ya barabara za 61 na 49 kuna mlingoti wenye magitaa ya buluu, na watu wanapiga picha kwa sababu ya hadithi ya mpiga bluzi Robert Johnson kumuuzia shetani roho yake ili ajue gitaa. Tumepita. Hadithi hiyo inamnyima mtu yule jasho la mazoezi yake. Ninachokithamini kuhusu njiapanda ile ni Abe's, mgahawa wa nyama choma ulioanzishwa mwaka 1924 na Abraham Davis, mhamiaji kutoka Lebanoni. Walebanoni walifika Delta mwishoni mwa karne ya 19 wakichuuza bidhaa kutoka shamba hadi shamba, mizigo mgongoni, kisha wakafungua maduka. Wachina nao walifungua maduka ya vyakula kwenye mitaa ya watu weusi, na familia nyingi ziliishi nyuma ya duka. Chakula chetu cha jioni kilikuwa kibe ya nyama ya ng'ombe na ngano kwenye mgahawa wa Kilebanoni wa Rest Haven, na Mjomba akala bila kuuliza swali lolote kwa mara ya kwanza tangu tufike.

Ijumaa. Kuvuka mto hadi Helena

Leo tumevuka daraja kuingia Arkansas. Helena ni mji mdogo wa bandari ya mtoni, na nimeusubiri kuliko miji mingine yote, kwa sababu hapa bluzi iliajiriwa na unga.

Mwezi Novemba 1941 kituo cha redio cha KFFA kilianza kipindi cha King Biscuit Time. Mdhamini alikuwa muuza unga wa ngano wa jina hilo. Sonny Boy Williamson alipuliza kinanda cha mdomo, Robert Lockwood akapiga gitaa, na kati ya wimbo na wimbo wakasifia unga. Kipindi kilirushwa saa sita na robo mchana, muda ambao wakulima wamerudi kivulini kula. Unga uliuzika kiasi kwamba kampuni ikatoa na unga wa mahindi wenye jina la Sonny Boy, mfuko wake ukiwa na picha yake ameketi juu ya bunzi la hindi. Fikiria enzi zenyewe: miaka ya 1940, Arkansas, ubaguzi wa kisheria, na picha ya mtu mweusi mpiga bluzi iko majikoni mwa watu. Vijana waliokuja kuwa wakubwa wa bluzi, B.B. King mmoja wao, walisikiliza kipindi hicho wakiwa mashambani.

Mjomba alisema Tanga walikuwa wakisubiri redio namna hiyo hiyo, kazi zikisimama.

Jumamosi. Mound Bayou, Dockery, Ruleville, kisha usiku

Siku ndefu. Asubuhi tumepita Mound Bayou, mji ulioanzishwa mwaka 1887 na Isaiah Montgomery na Benjamin Green, wote waliozaliwa utumwani. Ulijengwa na watu weusi kwa ajili ya watu weusi, ukiwa na meya wake, benki yake, na kuanzia mwaka 1942 hospitali yake ya Taborian, wakati ambapo kwingine mgonjwa mweusi aliingizwa kwa mlango wa nyuma, kama aliingizwa kabisa.

Mchana, kwenye mji wa Cleveland wa humu Delta, tulisimama kwenye kibanda cha tamale. Unga wa mahindi uliosagwa kwa kukwaruza unakandwa na mchuzi, ndani unawekwa nyama iliyosagwa yenye pilipili na bizari, unaviringishwa kwenye ganda la hindi, kisha vitatu vitatu vinafungwa kwa uzi na kuchemshwa kwenye maji mekundu ya viungo. Nyama hapa ilikuwa ya ng'ombe, tuliuliza. Ukifungua ganda, mvuke wa pilipili unakupiga puani. Wenyeji wanakula na biskuti za chumvi. Namna tamale ilivyofika Delta inasimuliwa kwa njia kadhaa, na simulizi yenye nguvu zaidi inawataja vibarua wa Meksiko walioletwa kuchuma pamba mwanzoni mwa karne ya 20. Walikaa shambani na watu weusi, wakala pamoja. Chakula chenyewe kinaeleza mengine: kimefungwa, kinashibisha, na kinabaki na joto kwenye ndoo hadi mchana. Ni chakula cha kubebwa shambani. Kufikia mwaka 1936 kilikuwa kimeenea hivi kwamba Robert Johnson alirekodi wimbo wa mchuuzi wa tamale, na watu bado wanabishana kuhusu shetani wake.

Shamba la Dockery liko kati ya Cleveland na Ruleville, kwenye barabara ya 8. Will Dockery alilianzisha mwaka 1895, na Charley Patton, mmoja wa waasisi wa bluzi ya Delta, alikaa hapa miaka mingi. Mpiga bluzi Howlin' Wolf alijifunza gitaa kwake. Majengo ya kuchambulia pamba bado yamesimama, na jina limeandikwa ukutani kwa herufi kubwa. Hapa nilitaka kukaa, tukakaa.

Mfumo wa mashamba mengi ya Delta ulikuwa hivi: mwenye shamba alitoa ardhi, mbegu, nyumbu na nyumba, mkulima akatoa kazi ya familia yake, na mavuno yakagawanywa. Lakini kuanzia kupanda hadi kuvuna mkulima alikopa chakula kwenye duka la shamba, na daftari lilikuwa mkononi mwa mwenye shamba. Mwisho wa mwaka hesabu ilisomwa, na mara nyingi mkulima alikuta bado anadaiwa. Mgao wenyewe ulikuwa wa aina tatu: unga wa mahindi, molasi na mafuta ya nguruwe yaliyokaushwa kwa chumvi. Ukila hivyo majira yote unapata pelagra, ugonjwa unaobabua ngozi na kuvuruga akili. Mwaka 1915 daktari Joseph Goldberger alithibitisha kwenye gereza la shamba la Rankin, humu humu Mississippi, kwamba chanzo chake ni mlo duni. Tunapokisifia chakula cha kusini, tukumbuke kwamba bustani ya majani nyuma ya nyumba, samaki wa mtoni, sungura na kuku wa uani vilikuwa njia ya kubaki hai nje ya lile daftari. Mama aliyepanda majani yale, ndugu wa sukuma wiki yetu, alikuwa tabibu wa nyumba yake.

Kilomita chache mbele ni Ruleville, alikozikwa mpigania haki za raia Fannie Lou Hamer. Alizaliwa mwaka 1917, mtoto wa ishirini kwao, akachuma pamba tangu utotoni. Mwaka 1962 alikwenda Indianola kujiandikisha kupiga kura, akafukuzwa kwenye shamba alilofanyia kazi siku hiyo hiyo. Watu wengi wanamjua kwa hotuba. Mimi namheshimu zaidi kwa shamba la ushirika alilolianzisha mwaka 1969, Freedom Farm, kwa sababu aliona wazi kwamba anayeshika chakula chako anashika na kura yako. Lilikuwa na mboga za kugawia wenye njaa, na benki ya nguruwe: familia ilipewa jike mwenye mimba, ikabaki na watoto, jike akarudishwa aende kwa familia nyingine. Hata mimi nisiyekula nguruwe nilisimama mbele ya sanamu yake nikiufikiria ufundi wa mpango ule.

Usiku tulirudi Clarksdale. Ukumbi wenyewe sitautaja, ni chumba kimoja chenye dari ya chini na taa nyekundu. Hakuna jukwaa. Mzee wa gitaa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mpiga ngoma nyuma yake amebanana na friji. Nje, kando ya mlango, mama mmoja alikuwa na karai la mafuta juu ya jiko la gesi, anakaanga samaki. Sandwichi yake ni vipande viwili vya mkate mweupe, kambale na mifupa yake, haradali ya njano na pilipili ya chupa.

"Kaa ule kwanza, mzee," alimwambia Mjomba alipotaka kuingia nayo ndani akicheza. "Samaki mwenye mifupa hataki haraka."

Nilikaa naye hapo nje. Akaniambia bibi yake alifanya hivi hivi nyumbani kwake, shambani. Jumamosi walitoa kitanda uani, chumba kikabaki wazi, samaki wakakaangwa, pombe ikauzwa, na mpiga gitaa akaitwa. Mpiga gitaa alilipwa kutoka kwenye hela ya samaki. Nilitamani Mjomba awepo alisikie hilo. Bluzi ya mashambani haikuwa na tiketi wala meneja. Mwenye nyumba, mara nyingi mwanamke, ndiye aliyekuwa na mtaji wa unga na mafuta, ndiye aliyeamua nani apige na kwa muda gani. Barabarani sasa kuna vibao vya Mississippi Blues Trail zaidi ya mia mbili, cha kwanza kiliwekwa mwaka 2006 kwenye kaburi la Charley Patton huko Holly Ridge. Nimevisoma vingi safari hii. Waliokaanga samaki hawatajwi sana.

Ndani, Mjomba alikuwa amesogea hadi karibu na magoti ya mpigaji. Alitoka akiwa ameloa jasho. "Dole gumba lake halitoki kwenye kamba ya chini," alisema. "Anaimba juu, chini panatembea tu. Wacha wee."

Jumapili. Indianola

Tumeamka tumechelewa. Makumbusho ya B.B. King yamejengwa yakaungana na jengo la matofali la kuchambulia pamba alikofanya kazi akiwa kijana, na yeye mwenyewe amezikwa hapo, 2015. Maelezo ni mazuri na hayana haraka. Jambo moja alilipenda kulisimulia: akiimba nyimbo za dini kwenye kona ya mtaa wa Indianola, wapita njia walimpapasa kichwa wakamsifu. Akiimba bluzi, walitoa sarafu.

Chakula cha mchana tulipata kwenye meza ya kanisa dogo, tulikokaribishwa na wazee waliotuona tunasoma kibao. Majani yalikuwa yamepikwa na shingo za bata mzinga zilizofukizwa, maana hata hapa wengi wameacha nguruwe kwa ajili ya presha. Kulikuwa na pai ya viazi vitamu, na matango ya achari yaliyolowekwa kwenye Kool-Aid nyekundu, kinywaji cha unga chenye sukari, ambayo watoto wa Delta wanayapenda sana. Nilikula moja. Mjomba alikula pai ya pili.

Jumatatu. Greenwood, Money, Sumner

Siku ya mambo mazito. Majira ya baridi ya 1962 kuingia 1963 wakuu wa kaunti ya Leflore walisitisha mgao wa chakula cha msaada wa serikali kuu, baada ya watu weusi kuanza kujiandikisha kupiga kura. Maelfu walikaa na njaa. Mchekeshaji Dick Gregory alileta shehena ya chakula kwa ndege.

Hapa Greenwood pia aliishi Booker Wright. Alikuwa mhudumu wa Lusco's, mgahawa wa wateja weupe, na kwa kuwa hapakuwa na karatasi ya menyu aliimba orodha yote ya vyakula kwa kichwa. Upande wa pili wa mji alikuwa na mgahawa wake mwenyewe, Booker's Place. Mwaka 1966 alisimama mbele ya kamera za televisheni ya NBC akaeleza jinsi baadhi ya wateja walivyomtukana, na jinsi alivyolazimika kutabasamu huku akilia moyoni, ili watoto wake wasome. Alipigwa, mgahawa wake ukaharibiwa, kazi ikaisha. Hakuna wimbo wa bluzi ninaoujua unaosema zaidi ya dakika zile chache za mhudumu mwenye koti jeupe. Aliuawa kwa risasi mwaka 1973.

Kijiji cha Money ni barabara, reli na gofu la duka la vyakula lililofunikwa na mimea. Agosti 1955 Emmett Till, mtoto wa miaka 14 kutoka Chicago, aliingia duka hilo kununua pipi. Siku chache baadaye alitekwa usiku, akateswa, akauawa, akatupwa mtoni. Mahakama ya Sumner iliwaachia wauaji baada ya baraza la mahakama la wanaume weupe watupu kushauriana kama saa moja. Baadaye wauaji hao walikiri kwenye jarida. Tulikaa kwenye benchi za mahakama ile, iliyokarabatiwa ionekane kama 1955. Leo sina la kuandika kuhusu chakula.

Jumanne. Belzoni na Bentonia

Belzoni hujiita makao makuu ya kambale duniani. Samaki wengi tuliokula wiki hii hawakuvuliwa mtoni, walifugwa kwenye mabwawa kama haya, mraba mmoja baada ya mwingine, mashine zikizungusha maji ili wapate hewa. Ufugaji ulishika kasi wakulima wa pamba walipotafuta zao jingine, kisha ukapungua samaki wa bei nafuu kutoka Vietnamu walipoingia sokoni. Mabwawa mengine yamekauka na kurudishwa kuwa mashamba ya soya.

Kusini ya hapo barabara ya 49 inapanda, na Delta inaisha. Bentonia ni mji wa mpiga bluzi Skip James, aliyefunga kamba zake kwa namna ya huzuni isiyofanana na ya mtu mwingine, akarekodi mwaka 1931 na kusahaulika kwa miaka thelathini. Mjomba alinyamaza njia nzima tulipomsikiliza garini, kisha akasema sauti ile angeweza kuiwekea fidla na ingekaa.

Kando ya reli kuna jengo dogo jeupe na buluu, Blue Front Cafe. Carey na Mary Holmes waliufungua mwaka 1948, na mtoto wao Jimmy, mwenye mtindo wa Bentonia mkononi mwake, aliuchukua mwaka 1970. Nje kuna kibao cha Blues Trail. Kinasema enzi zake mkahawa ulisifika kwa samaki wa buffalo, bluzi na gongo. Samaki ametajwa kwanza. Buffalo ni samaki wa mtoni mwenye mifupa mingi, mbavu zake zikikaangwa unazishika kwa vidole na kuzinyonya, na mkahawa huu pamoja na shamba la pamba ndivyo vilivyolea na kusomesha watoto wa nyumba hii.

Mjomba alilitafuta jina la Mary Holmes kwenye kibao, akanitaka nimpige picha akiwa ameliwekea kidole. Kutoka hapo hadi Jackson si mbali. Tumefika kabla ya giza, na ameshauliza kesho asubuhi, kabla ya uwanja wa ndege, tutapata wapi kambale na grits, uji mzito wa mahindi.